Kutupa mshipi hori ya Tudor: jinsi ya kupata mahali pazuri kwenye maji yanayopona

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wa TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, huniuliza swali moja: samaki wako wapi? Chuo kiko Tudor, maji yako hapo chini, na kijana aliyelelewa Voi au Machakos akiona watu wamekaa juu ya mawe na nyuzi mikononi, hamu humshika. Nami huwauliza: samaki wa kuvua, au samaki wa kula? Hori ya Tudor inao wa aina zote mbili, na hawakai mahali pamoja.

Hori hii ni mkono wa bahari. Huingia kwa mlango mwembamba wenye kujipinda, kati ya kisiwa cha Mombasa na Nyali, ambako kina kinafika kama mita 20. Ndani hupanuka ikawa uwanja mpana wa maji ya kina kifupi, kama mita 5, uliozungukwa na mikoko ya Mikindani na Jomvu upande mmoja, Junda na Mishomoroni upande wa pili. Mito miwili ya msimu, Kombeni na Tsalu, humwaga maji yake huko juu wakati wa mvua. Kutoka baharini hadi mwisho wa mikoko ni kama kilomita 10.

Kwa miaka mingi hori hii ilipokea majitaka ya mji bila kusafishwa, na sehemu nyingine bado inayapokea. Upande wa Makupa ndiko kulikoumia zaidi. Jaa la Kibarani lilisukuma taka hadi ukingoni mwa maji, tuta la barabara lilizuia maji kupita kati ya Tudor na Port Reitz, hori ya upande wa pili wa kisiwa, na mwaka 1988 mafuta ghafi yaliyomwagika yaliua hekta kama 10 za mikoko. Tangu hapo mengi yamebadilika. Jaa lilifungwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Vikundi vya wakazi vimepanda mikoko kwa mikono yao, mche kwa mche. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja la Makupa, mita 457, mahali pa lile tuta, ili maji yapate njia tena. Haya ni maji yanayopona, lakini hayajapona. Anayeyavua anapaswa kuyasoma kila anaposhuka, na mwongozo huu unahusu usomaji huo.

Hatua ya kwanza: jua saa za maji

Ukiwa na jioni moja tu ya kujifunza, itumie hapa. Mombasa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa nguvu zaidi, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na nguvu yake kamili huonekana siku moja au mbili baadaye. Wazee hutazama tu tarehe ya Kiislamu. Kutoka mwandamo hadi mwezi nne, na kutoka kumi na tano hadi kumi na nane, ni bamvua. Mwezi nane hadi kumi, na ishirini na mbili hadi ishirini na nne, ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo.

Hapa kwetu kuna jambo la kushika kichwani. Siku za bamvua maji hujaa pomoni mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume chake. Ukijua hayo mawili, siku za katikati utazikadiria mwenyewe kwa kuongeza zile dakika 50.

Bamvua hupandisha maji zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa sita, maji mafu mita 1 na kidogo. Tena hayapandi sawasawa. Saa ya kwanza huenda polepole, saa ya tatu na ya nne ndipo nusu nzima ya maji hupita, kisha mwendo hupoa. Jambo hili lina uzito kwa mshipi na kwa roho yako. Ukiwa umesimama matopeni na maji yamefika kifundo cha mguu mwisho wa saa ya pili, mwisho wa saa ya nne pale pale yanakaribia utosi. Toka mapema. Na usiende matopeni peke yako, wala bila fimbo ya kupimia mbele, maana kuna mahali mtu huzama hadi kiunoni.

Hatua ya pili: mara ya kwanza nenda bila mshipi

Chagua siku ya bamvua, ufike saa tatu na nusu asubuhi, ukae hadi saa tano. Maji yakipwa, hori hukuonyesha kila kitu ilichokificha. Unatafuta mikondo, ile njia nyeusi ya maji inayobaki matope yanapoanikwa juani. Samaki huitumia kama sisi tunavyotumia vichochoro vya Mji wa Kale. Maji yakijaa huifuata kupanda mikokoni kula, yakipwa hurudi kwa njia ile ile.

Kwenye mkondo tazama pindo kwanza. Upande wa nje wa pindo maji huchimba shimo, na shimo hilo hubaki na kina hata kila kitu kingine kikikauka. Kisha tazama pale mkondo mdogo unapoungana na mkubwa. Kamba na samaki wadogo husombwa hapo, na wakubwa huwasubiri. Baada ya hapo tafuta kitu chochote kigumu: mwamba wenye chaza, nguzo za zamani, mtumbwi uliozama. Tewa hapendi uwanja mtupu, hutaka tundu la kujibanza. Mwisho angalia ukingo wa mbele wa mikoko. Mlilana ndio unaosimama mbele kabisa, na mizizi yake hutokeza matopeni kama vijiti vilivyosimikwa. Maji yakifikia mizizi hiyo, tafi na kungu wadogo huingia kati yake.

Picha za setilaiti kwenye ramani ya simu zitakusaidia kuona mikondo kabla hujatoka nyumbani, lakini hazitakuonyesha shimo wala chaza.

Ukishapata mahali, shika alama. Simama pale pale utakapovulia na utafute vitu viwili vilivyolingana mstari mmoja, mfano mnara wa msikiti na mnazi nyuma yake, kisha viwili vingine upande wa pili. Maji yakijaa, lile shimo litakuwa limefunikwa na uso wa maji ulio sawa kote, na alama ndizo zitakazokwambia liko wapi. Wavuvi wetu wamefanya hivi tangu kabla ya simu, na simu ikizima chaji wanaendelea kuvua.

Vaa viatu vya kufunika vidole, si ndala. Chaza hukata kama wembe, na ndani ya matope ya hori hii kuna chupa zilizovunjika na wakati mwingine sindano. Mimi nilikatwa kisigino nikiwa na ndala, nikadharau, na wiki iliyofuata nilishindwa kukanyaga. Beba chupa ya maji safi na kipande cha sabuni, uoshe jeraha papo hapo. Likianza kufura na kuwa jekundu, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: tafuta mfereji wa majitaka, kisha utazame maji yanakwenda wapi

Hapa ndipo wengi hukosea, na ndipo ninapotaka usome polepole.

Aliyezoea mto wa bara huniambia: rahisi, vua juu ya bomba, usivue chini yake. Kwenye mto hiyo ni sawa. Horini, juu na chini hubadilishana kila baada ya saa sita. Maji yakijaa, uchafu wa mfereji husukumwa ndani kuelekea Mikindani na Jomvu. Yakipwa, ule ule uchafu hurudi kuelekea Nyali, ukiwa umechanganyika na wa mifereji mingine yote. Mahali palipokuwa safi saa nane mchana pananuka saa kumi na mbili jioni, na hakuna aliyemwaga kitu kipya.

Kwa hiyo ukiwa bado uko ukingoni maji yamekupwa, tembea mita mia mbili tatu kila upande wa mahali ulipopapenda na uandike kila mfereji, kila bomba, kila kijito cha kijivu. Halafu fanya hesabu. Maji yakijaa, simama upande wa baharini wa mfereji, ili yanayokupitia yawe yametoka baharini na bado hayajaufikia. Saa mbili za mwisho za kujaa ndizo bora katika hori nzima, kwa kuwa maji mapya ya bahari yameshapanda na kusukuma yale ya zamani ndani. Ongeza nusu saa ya maji kusimama. Mimi, kwa sehemu zote zilizo karibu na makazi, huvua muda huo tu.

Maji yakianza kupwa, hapo mtu wa kisiwani anakunja mshipi, isipokuwa yuko kwenye mdomo wa mkondo unaotoka mikokoni kusiko na nyumba nyuma yake. Mdomo kama huo, saa ya kwanza ya kupwa, ni raha tupu. Kamba wanatoka kwa wingi, na changu na kolekole wadogo wamejipanga nje wakiwangoja.

Baada ya mvua kubwa, usiende. Masika, kati ya Machi na Juni, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba, kila mvua kubwa huosha vyoo vya mashimo, mitaro na barabara na kuvileta vyote horini. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, subiri yasafike. Mimi husubiri bamvua moja nzima ipite.

Hatua ya nne: soma matope

Harufu huwachanganya wageni. Matope ya mikoko hunuka yai viza hata pale ambapo hapajawahi kuguswa na mtu, kwa sababu majani huoza humo bila hewa. Hiyo si dalili ya uchafu. Majitaka yana harufu nyingine, kila aliyepita kando ya mtaro uliofurika anaijua, na huacha utando wa kijivu juu ya mawe.

Tazama mwani. Mwani wa kijani kibichi, laini kama majani ya saladi, ukiwa umetandaa kama zulia juu ya mawe na matope, maana yake maji hayo yanapata mbolea nyingi mno, na horini mbolea hiyo hutoka vyooni. Kidogo si neno. Zulia zima, ondoka.

Ukiona rangi za upinde wa mvua juu ya kidimbwi, usiseme mafuta kabla hujapima. Chokoa kwa kijiti. Utando ukivunjika vipande kama kioo na vipande visirudiane, hao ni vijidudu vya kawaida vya matopeni. Ukijizungusha kufuata kijiti kisha ukaungana tena, hayo ni mafuta, na samaki wa hapo unaweza kumtambua ladha yake hata ukimpaka ndimu na pilipili.

Kisha tafuta wenyeji wa matope. Wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa, wanaolipunga kama wanaita mtu, wakiwa wengi na mashimo yao yamejaa kila mahali, matope yanapumua. Konokono wa mikokoni, tondo, wakiwa wa saizi zote, wakubwa kwa wadogo, ni habari njema zaidi, maana kizazi kipya kinapona. Mahali palipobaki na wakubwa tu huniogofya. Yangeyange na korongo wakisimama pamoja pembeni mwa kidimbwi, humo mna samaki wadogo. Mnandi akizama mara kwa mara sehemu moja, iandike sehemu hiyo.

Hatua ya tano: salimia watu

Kila ukingo wa hori una wenyewe. Hawana hati, lakini ndio waliovua hapo tangu utoto na ndio watakaokutoa majini ukizama. Fika asubuhi mitumbwi inaporudi, usianze na maswali. Nunua kitu, hata chaa watatu wa kukaanga.

"Salaam aleikum, ami."

"Waleikumu salaam, mwanangu. Watafuta nini?"

"Nataka kujifunza kuvua hapa. Pale penye mwamba pana neno?"

Swali la "pana neno?" ni bora kuliko "pana samaki?", kwa sababu mzee atakwambia na ya mwenzake aliyechomwa na mwiba wa samaki taa pale mwezi uliopita, na ya bomba linalofunguka usiku. Nilichojifunza kwa wazee wawili wa Junda katika asubuhi tatu sikukipata katika miaka miwili ya kwenda peke yangu.

Uliza pia kikundi cha usimamizi wa ufuo, ambacho kila mvuvi anakijua kwa jina la BMU. Uvuvi nchini unaongozwa na sheria ya mwaka 2016, na wao watakueleza habari za leseni na mahali pasipovuliwa kwa sasa ili samaki wazaane. Kuhusu bandari ya Kilindini usisumbue mtu kwa kuuliza. Ni eneo la ulinzi, kaa mbali.

Mahali penyewe

Ukingo wa Tudor, chini ya mitaa iliyo karibu na chuo, ndiko pa kuanzia. Kuna mawe ya kukalia na kina si kikubwa. Chaa na tafi hupatikana, na tewa wadogo kwenye matundu. Lakini mifereji ni mingi, kwa hiyo zingatia hatua ya tatu kama dawa ya hospitali: saa mbili za mwisho za kujaa, upande wa baharini wa mfereji, basi.

Sehemu ya Mji wa Kale hadi daraja la Nyali ina kina na mkondo wenye nguvu. Maji ya bahari hufika hapa kwanza, kwa hiyo wakati wa kujaa ndiyo sehemu safi kuliko zote za hori. Changu na kolekole wapo, na mzia hupita akifukuza simu, wale samaki wadogo kama dagaa. Inataka chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, iwe nzito, na mtu aliyekomaa. Nenda siku za maji mafu, ambapo mkondo unapungua na mshipi unafika chini. Siku ya bamvua chubwi hutembea nusu ya hori kabla ya kugusa mchanga. Ndani ya bandari ya zamani usivulie bila ruhusa.

Junda na Mishomoroni, bara ya kaskazini, ndiko ninakokupenda zaidi. Mikoko imeshika, mikondo ya pembeni ni mingi, na ile saa ya kwanza ya kupwa niliyoisimulia huipata huko. Kodi mtumbwi na mwenyewe awe ndani yake.

Mikindani pameumia kwa majitaka miaka mingi, na mikoko yake imefanya kazi kubwa ya kuyachuja. Huko mimi hupanda miche, sivui. Ukisonga mbele hadi Jomvu Kuu mambo ni afadhali. Mkizi huingia kwa makundi, na kamba huvuliwa kwa kimia. "Hasira za mkizi, tijara ya mvuvi," wasemavyo. Jomvu utayaona maneno hayo kwa macho, kundi likishtuka samaki huruka juu na mwingine huangukia mtumbwini. Kwa mshipi mkizi ni mgumu. Tumia ndoana ndogo kabisa na kidonge cha unga wa ngano uliokandwa, na usivute kwa pupa kwani mdomo wake ni laini.

Kuvua kwenyewe

Hili halihitaji maneno mengi. Uzi wa nailoni mwembamba uliozungushwa kwenye kibao, chubwi, ndoana mbili. Namba 8 au 10 kwa chaa na tafi, namba 2 au 4 kwa changu na tewa. Namba ikipanda, ndoana inapungua. Chambo bora ni kile samaki anachokula pale pale: kamba mbichi, au kaa mdogo aliyevunjwa gamba. Kipande cha ngisi kinadumu kwenye ndoana kuliko vyote. Tupa upande maji yanakotoka, uache maji yapeleke chambo shimoni, na uzi uupitishe juu ya kidole cha shahada. Chaa hugonga kama mtu anayebisha mlango kwa adabu. Tewa humeza na kurudi tunduni, kwa hiyo umvute mara moja kabla hajaingia.

Jihadhari na miiba. Tafi, hongwe na taa wote huchoma, na maumivu yake yanaweza kukutoa machozi. Tia sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, maana joto hutuliza sumu hiyo, kisha uende hospitali. Ukitembea majini buruta miguu, usiinue, ili taa akusikie na kukimbia.

Bunju akishika, kata uzi. Sumu yake haiondoki kwa kupika, na inaua.

Wa kula na wa kurudisha

Kaanga, pika, choma: moto unaua vijidudu vya majitaka. Hauondoi madini kama risasi na zebaki, wala mafuta. Kwa hiyo usalama wa kitoweo unaanza na mahali ulipovua na aina ya samaki, kabla hata hujawasha jiko.

Chaza na kombe wa hori usiwale. Kazi yao ni kuchuja maji mchana na usiku, na kila kilichomo majini hubaki ndani yao. Hongwe na kaa wanaokaa sehemu moja matopeni mwaka mzima hubeba habari za matope hayo, basi wale wa Tudor kisiwani na Mikindani waache. Wanaoingia na maji kutoka baharini na kutoka nayo, kama changu, kolekole na mzia mdogo, ni salama zaidi. Toa matumbo, maini na matamvua yote, usitengenezee mchuzi wa vichwa. Mwenye samaki anayenuka mafuta ya taa, au mwenye vidonda, amtupe shimoni na kumfukia, asimpe hata paka. Mama mjamzito na watoto wadogo nawanunulia samaki wa bahari kuu. Sina ugumu wowote katika hilo, hata siku nilizorudi na kapu limejaa.

Wengi utakaowashika horini watakuwa wadogo, kwa sababu mikoko ni malezi ya samaki. Changu na tewa hukulia humo kabla ya kutoka baharini. Aliye chini ya shubiri mrudishe, na umrudishe kwa mkono uliolowa, asipoteze ute wake.

Uwe na daftari. Mwezi ngapi, maji ya saa ngapi, upepo wa kusi au kaskazi, chambo gani, nani alishika, harufu ilikuwaje. Baada ya miezi sita daftari hilo litakuwa na thamani kuliko mshipi, na wanaopanda mikoko watakuomba walisome. Wape.

Makupa nimeiacha mwisho kwa makusudi. Maji yanapita chini ya daraja sasa, na nimeona mkizi wakipanda na maji, jambo ambalo miaka ile ya tuta lingenishangaza. Lakini matope ya pale yamebeba taka na mafuta ya miaka mingi, na mkondo mpya unayatifua. Samaki wa hapo simli na sitaki umle. Ninachofanya ni hiki. Nimechagua vipande vitatu vya matope, kila kimoja mita moja kwa mita moja, nimevizungushia vijiti vya mkandaa, na kila bamvua nahesabu mashimo ya kaa na kuyaandika kwenye lile daftari. Ukinikuta pale asubuhi, saa nne, nimeinama juu ya matope bila mshipi, njoo ushike kalamu, maana kuhesabu na kuandika kwa mkono uliojaa matope ni kazi ya watu wawili.